Mikono Nyuma: Miaka Yangu na Watoto Waliotanguliza Matako

Siku yangu ya kwanza leba niliamriwa kuweka mikono nyuma. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la uanafunzi, limepigwa pasi mpaka linakwaruza shingo, na nilidhani nitapewa mkasi, au angalau beseni la kushika. Sista Msimamizi, mama mnene wa makamo aliyeiendesha wodi ya wazazi ya hospitali yetu ya misheni huko Shinyanga, akanisimamisha kando ya kitanda. Aliyelala pale alikuwa anajifungua mtoto wake wa tano, na kilichokuwa kinatokea hakikuwa kichwa. Yalikuwa matako.

"Mikono nyuma," akasema Sista. "Mtoto wa namna hii havutwi."

Naye akaweka yake nyuma. Tukasimama wawili kama askari wa gwaride, huku mama wa watu anahangaika peke yake. Niliona ni ukatili. Mtoto akashuka taratibu kwa nguvu za mama yake: matako, miguu, mgongo mpaka kitovu. Sista akamfunika kwa kitambaa chenye joto, maana baridi ikimpiga anaweza kuvuta pumzi kichwa kikiwa bado ndani. Nywele za kisogo zilipoonekana, ndipo alipotoa mikono yake, akamlaza mtoto juu ya mkono wa kushoto na kukitoa kichwa kwa vidole. Mtoto akalia. Mimi nikalia pia. Sista akanituma nikapige deki.

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, nchi bado changa na mimi mchanga kuliko nchi. Wajukuu zangu wananiuliza kazi ya ukunga ilikuwaje enzi hizo, nami nashindwa pa kuanzia, kwa sababu katika jambo hili la matako kila mkubwa wangu alinifundisha lake, na mpaka leo sina hakika nani alikuwa na haki.

Nieleze kwanza jambo lenyewe. Mtoto tumboni kwa kawaida hugeuka akaelekeza kichwa chini mwezi wa nane hivi au wa tisa. Kabla ya hapo anacheza anavyotaka, leo juu, kesho chini, na mama hana sababu ya kupoteza usingizi. Wachache hufika mwisho wa mimba kichwa bado kiko juu, chini ya mbavu za mama. Sisi tulikuwa tunamjua kwa kupapasa: ukiweka viganja juu ya tumbo unakutana na kitu kigumu cha mviringo kinachochezacheza, hicho ni kichwa, na chini unakuta kitu laini kisicho na umbo. Halafu tunaweka pembe yetu ya mbao tuliyotumia kusikiliza moyo wa mtoto, na mapigo tunayasikia juu ya kitovu badala ya chini yake.

Kwa nini asigeuke? Mara nyingine ni mapacha, au maji yamezidi, au kondo limejishikiza chini, au umbo la mfuko wa uzazi. Mara nyingi haijulikani. Nilipokuwa nawaambia akina mama "haijulikani" waliniangalia kwa huruma, maana vijijini kwao ilijulikana sana. Alikaa mlangoni. Aliruka kamba ya ng'ombe. Alitembea nje ya ndoa na sasa lazima ataje jina la mwanaume, la sivyo mtoto hatoki. Nimewaona wanawake wenye uchungu wakihojiwa na mawifi zao kama wezi wa mifugo. Nilikuwa nawatoa nje hao mawifi, na nikiwatoa sikuwa mpole.

Sista alikuwa na mtindo wa kumgeuza mtoto kwa nje, kwa kusukuma tumbo polepole kwa viganja. Nikajifunza kwake, nikaona mikono yangu ni hodari. Nilipohamishiwa hospitali ya wilaya, Daktari wa Wilaya akanikuta nafanya hivyo kliniki, akanishika kifundo cha mkono.

"Kitovu kikijifunga shingoni huko ndani, wewe utakiona?" akaniuliza.

"Hapana, Daktari. Lakini Sista alitufundisha."

"Hapa hakuna Sista. Mwenye mtoto wa matako akiwa mzazi wa kwanza, mlete kwangu mwezi wa mwisho akae karibu na chumba cha upasuaji. Aliyekwisha kuzaa, tutamwangalia nyonga yake imefanya kazi gani huko nyuma."

Nikabaki njia panda. Siku hizi nasikia madaktari wanawageuza tena, ila hospitalini, penye vipimo na upasuaji jirani. Kwa hiyo Sista alikuwa na haki, na Daktari alikuwa na haki, na mimi niliyekuwa katikati sijui nilikuwa na nini. Lile neno la nyonga nililishika. Mzazi wa kwanza nyonga yake haijajaribiwa. Kichwa ndicho kikubwa na ndicho kinachokuja mwisho, kikikwama mtoto ana dakika chache tu.

Miaka ya sabini ilipoanza nikapelekwa zahanati ya upande wa Geita, kwenye mashamba ya pamba na mashimo ya wachimba dhahabu. Mkubwa wangu pale alikuwa Mganga wa Zahanati, kijana mstaarabu kutoka mbali, asiyejua Kisukuma zaidi ya salamu ya asubuhi, "mwangaluka". Hapo ndipo nilipoota pembe. Maana sisi Wasukuma historia ya uzazi tumeiweka kwenye majina. Mapacha ni Kulwa na Doto. Anayewafuata mapacha ni Shija. Aliyetanguliza miguu au matako anaitwa Kashinje, na wazazi wake hufanyiwa dawa ya kinga kama wazazi wa mapacha. Mganga alikuwa anauliza maswali kumi kujaza kadi, mimi nasikia jina la mama tu nimemaliza.

"Utapitwa siku moja," aliniambia. "Kuuliza si ujinga."

"Wewe uliza, mimi najua," nikamjibu.

Akaja kliniki mwanamke mmoja mrefu, mnyamavu, mume wake mkulima wa pamba ambaye msimu ukiisha anakwenda kuchimba. Waliongozana na mama mkwe.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Mama nani?"

"Mama Kashinje," akajibu mama mkwe.

"Watoto wangapi?"

"Wawili," akasema mwanamke, akitazama chini.

Nikapapasa tumbo. Kichwa juu. Mwezi wa tisa umeshaingia. Nikatabasamu, kwa sababu mbele yangu alikuwa mwanamke aliyekwisha kuzaa wa matako akasalimika, na nyonga yake ilikwisha kutoa ushahidi. Nikaandika kwenye kadi: atajifungulia hapa. Mganga akaisoma, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia jina lake lenyewe ni cheti.

Akaletwa asubuhi moja ya mvua, uchungu umeshachanganya. Mpaka saa sita mchana njia ilikuwa inafunguka kwa kusuasua, si kama ya mwanamke aliyezaa mara mbili. Nikamuuliza, kumpa moyo tu, "Wa Kashinje ulikaa naye muda gani?"

Akanitazama kama anaomba radhi.

"Kashinje sikumzaa mimi, nesi. Yeye na dada yake ni wa marehemu mke mwenzangu. Nimewakuta."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza watoto. Niseme si wangu, mama mkwe yupo hapo?"

Alikuwa na haki. Katika mji wa watu, mke anayesema mtoto wa marehemu si wake hana pa kulala. Mimi Msukuma ndiye niliyepaswa kulijua hilo, kuliko Mganga, kuliko Daktari. Mzazi wa kwanza, matako, na chumba cha upasuaji kiko ng'ambo ya mto uliofurika. Mganga akapanda baiskeli kwenda kutafuta lori la pamba. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kabla hajarudi, matako yakatokea. Nikaweka mikono nyuma. Yakaja miguu, kitovu, mgongo, na mtoto akasimama hapo, hashuki tena. Nikasubiri. Mama mkwe akaingia bila hodi na kusema, "Alikaa mlangoni huyu. Nilimkataza." Mwanamke akawa analia kwamba ndiyo, alikaa, jua lilikuwa kali, alikaa mara moja tu. Nikaangalia ngozi ya mtoto inabadilika rangi. Sauti ya Sista ikaniambia subiri. Sauti nyingine, ambayo sijui ni ya nani, ikaniambia vuta.

Nikavuta.

Ukimvuta, mikono ya mtoto hupanda juu ikabana kando ya kichwa. Nilijua hilo tangu darasani. Ulipopanda wa kushoto nikauteremsha kwa nguvu kuliko nilivyofundishwa, kichwa kikafuata, na mtoto wa kike akakaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kulia. Mama alisalimika. Mtoto alisalimika. Mkono wa kushoto ulining'inia. Mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ilivutika, na haikupona sawasawa.

Wakamwita Kashinje mdogo, na mama yake akawa Mama Kashinje wa kweli siku hiyo. Walinishukuru, wakaniletea jogoo. Kuhusu mkono, jibu walikuwa nalo tayari: mama yake alikaa mlangoni. Mama mkwe alilisema kisimani, akalisema kanisani. Mwanamke alilipokea. Nami, niliyewatoa nje mawifi wa nchi nzima, niliyehubiri kliniki kwamba mlango hauna uhusiano wowote na mtoto, mbele ya familia ile sikufungua mdomo. Uongo wote niliupiga vita isipokuwa ule ulionifunika. Naona aibu kuuandika.

Daktari wa Wilaya nilimweleza baadaye. Akasema, "Usingevuta labda angekufa. Au asingekufa, na mkono ungekuwa mzima. Hilo siwezi kukujibu."

Nikahamishwa Ushirombo, kisha Nkome kwa wavuvi, nikawa mkubwa wa wengine. Wanafunzi wangu nilikuwa nawauliza: mimba zako mwenyewe ngapi, ulizozibeba kwa tumbo lako? Walidhani nina ukali wa bure. Na swali hilo niliwafundisha waulize faraghani, mama mkwe akiwa nje, kwa sababu mficha uchi hazai, lakini mbele ya mama mkwe kila mtu huficha.

Nilistaafu mapema, mwishoni mwa miaka ya themanini. Wiki ya kwanza sikujua nifanye nini na asubuhi. Wiki ya pili nikapanda lori kwenda upande ule wa Geita.

Mama Kashinje alikuwa anapeta mtama uani. Mama mkwe alikwisha kufariki. Akanipa kigoda, akanipa maji, nikamweleza yote: jina, kadi, na jinsi nilivyovuta. Nikasema, "Mlango hauhusiki. Ni mikono yangu."

Alipeta muda mrefu. Nilitegemea anifukuze, au anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Miaka yote hii sijakaa mlangoni," akasema mwishowe. "Hata siku ya msiba wa mume wangu, watu wamejaa. Sijakaa."

Akaweka ungo chini. Akachukua kigoda chake, akakiweka katikati ya mlango wa nyumba yake, akakaa na kunyoosha miguu nje. Sikuelewa kama ni hasira au ni nafuu, na sikuthubutu kuuliza.

Binti akarudi kutoka kisimani, mrefu kama mama yake, ndoo kichwani, ameishika kwa mkono wa kulia.

"Mama, umekaa mlangoni?"

"Napumzika," akasema mama yake.

Nikanyanyuka nimsaidie kutua ndoo.

"Mwache," akaniambia mama yake, na binti akapiga goti akaitua mwenyewe, kwa mkono mmoja, bila kumwaga.