Nilimwandikia Mtu Kabila kwa Kalamu Yangu

Siku tatu nzima mwanaume mwenye nguvu zake alikaa benchi kiwandani kwetu bila kupewa kazi, kwa sababu hakuna aliyejua kabila lake.

Nilikuwa karani pale, kiwanda cha sabuni. Shule ya usiku ilinipa vyeti viwili. Msimamizi wetu hakuwa na hata kimoja, ila alikuwa na elimu yake.

Watu wa ziwani, kwenye mapipa ya moto: "Hawahisi joto." Sisi wa milimani, kalamu na kufungasha, lakini stoo tusikanyage: "Wana mkono mwepesi." Funguo za stoo ni za watu wa bondeni. Yaani kwao msimamizi.

Sasa huyu mgeni hakuwa na lafudhi ya popote.

"Karani, pua ile ya wapi?"

"Ya usoni, bosi."

Hakucheka. "Kamuulize. Kesho asipojulikana, aende zake."

Nikamfuata benchi.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Mzee, niliokotwa mlangoni mwa zahanati, nikalelewa kituo cha yatima. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Niandikie lolote."

Nikaandika: bondeni.

Msimamizi akaisoma fomu, akamkagua kama ng'ombe wa mnadani.

"Si nilijua? Paji lile. Damu haipotei, karani."

Akamkabidhi funguo.

Likizo ilipofika akambeba mpaka kwao, akamtambulishe. Nikajua tumekwisha, yeye na mimi.

Wapi. Mzee mmoja huko alimshika uso kwa mikono miwili, akalia: mtoto wa marehemu kaka yangu, aliyepotelea mjini. Ukoo mzima ukaona mfanano.

Nilikwenda mlangoni mwa stoo tucheke. Hakucheka.

"Mzee wangu, usiseme. Nina baba mdogo sasa."

Nikanyamaza. Miaka ishirini na sita.

Mwezi jana mjukuu wangu alipeleka posa. Binti ni yule aliyekuwa tumboni. Baba yake leo ni mzee wa ukoo, ana fimbo na kikohozi cha heshima.

Posa ikarudi. Nikaenda mwenyewe.

"Si ubaya, karani," akaniambia, mimi, macho makavu. "Ila ninyi wa milimani mna mkono mwepesi. Na damu haipotei."

Nikamwambia, "Kweli. Wino ndio hupotea."

Akashusha macho kwenye fimbo yake. Jibu jipya la posa bado tunalisubiri.

Mtu asiye na kwao, mpe kwao. Lakini usidhani atakumbuka mlango alipookotwa.