Tangi Kavu Chini ya Mvua

Kwa miaka kumi na mmoja Edvina alikuwa mfagizi wa zahanati ya kijiji, na katika miaka yote hiyo hakuna kitu alichokichukia kama maneno yaliyobandikwa kwenye mlango wa leba: MAMA MJAMZITO AJE NA MADUMU MAWILI YA MAJI. Kijiji chao kiko mgongoni mwa kilima, upande wa Muleba, na chemchemi iko bondeni kabisa. Kushuka ni rahisi. Kupanda na dumu kichwani kunamtoa mtu pumzi, hata asiye na mimba.

Na hii si nchi ya ukame. Mvua ya hapa haibembelezwi. Inapiga mabati mpaka wagonjwa hawasikilizani. Kando ya jengo lilisimama tangi jeusi la lita elfu tano, lililoletwa miaka miwili nyuma kwa lori na kupigwa picha nyingi. Gata za kukinga maji ya paani hazikuwekwa. Mvua ikamwagika chini, ikachimba mtaro, ikapita kando ya tangi ikaenda zake bondeni, kule kule wanawake walikoifuata na madumu.

Mwezi wa nne alikuja Joyness, binti wa miaka kumi na tisa, uchungu umemkaza. Mama mkwe wake alibeba dumu moja tu.

"Ma Edvina, futa kitanda upesi," alisema nesi Annastella. Asubuhi hiyo mwanamke mwingine alikuwa amejifungulia hapo hapo.

"Kwa maji gani?"

"Hayo ya dumu ni ya kumwosha mzazi na mtoto. Futa hivyo hivyo."

Edvina alifuta kwa kitambaa kikavu na matone ya dawa yaliyobaki chupani. Annastella alinawa mikono kwa kikombe kimoja cha maji. Mama mkwe alikimbilia chemchemini, na aliporudi akakuta mjukuu ameshazaliwa, wa kiume, analia vizuri.

Siku ya tano kitovu kilivimba kikatoa usaha, na mtoto akaacha kunyonya. Siku ya sita walimpakia kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali. Alikata roho kabla hawajafika kwenye lami.

Walimzika kibanjani, shambani kando ya nyumba, kati ya migomba. Mzee mmoja akasema ni mapenzi ya Mungu, na watu wakaitikia kwa kuinamisha vichwa. Edvina hakuinamisha chake.

"Msimsingizie Mungu!" alisema, na sauti yake ikawashtua hata waliokuwa wakilia. "Mungu analeta maji kila wiki. Sisi ndio tunayaacha yapite."

Kisha akapiga magoti mbele ya Joyness. "Kitanda kile nilikifuta kwa kitambaa kikavu, mwanangu. Kwa mikono hii." Joyness alijifunika kanga usoni akageukia kaburi. Kugeukwa kule kulimchoma Edvina kuliko tusi.

Kesho yake aliingia kibanjani kwake na panga. Alikata migomba iliyokwisha kuzaa, akabandua maganda yake marefu yaliyopinda kama mitumbwi, yale ambayo bibi zao walikingia maji ya mvua. Akayapanga chini ya ukingo wa paa, moja likiingia ndani ya jingine, akayaegemeza juu ya miti yenye panda mpaka mdomo wa tangi. Mvua ya kwanza aliiacha ioshe bati. Ya pili ikaingia. Edvina aliweka sikio kwenye tangi akasikia maji yakigonga sakafu ya plastiki.

Mlio ule haukumfurahisha. Ulimpandisha hasira upya: kumbe ilikuwa rahisi hivi!

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mzee waliyemwita kwa heshima Ta Rugaibula, alifika na mwavuli.

"Ma Edvina, nani kakuruhusu? Tangi hili halijakabidhiwa. Tunamsubiri mkandarasi."

"Na mvua nayo imekabidhiwa, Ta Rugaibula?"

"Usinijibu hivyo. Kuna utaratibu. Toa takataka zako."

"Sitoi. Utaratibu wako umeshazika mtoto mmoja. Ukitaka, panda uzitoe mwenyewe, halafu ushuke bondeni na dumu ukamletee maji mzazi anayefuata. Mimi nitakushikia mwavuli."

Wanawake waliokuja kliniki waliangua kicheko, lakini kicheko chenye meno. Rugaibula alifunga mwavuli, akaufungua tena, akaondoka.

Baada ya wiki mbili maganda yalianza kuoza. Wanawake wakaleta mengine, kila mmoja kutoka kibanja chake. Kisha wakakataa kabisa kubeba madumu, na Annastella akang'oa lile tangazo mlangoni kwa mkono wake. Kamati ikaona aibu ya kuwa na zahanati iliyovikwa migomba kama kibanda cha harusi. Mwezi wa saba fundi Mujuni akatumwa kutoka Bukoba na gata za bati.

Alianza saa mbili asubuhi. Saa tano alikuwa anakusanya vyuma vyake.

"Umemaliza?" Edvina aliuliza.

"Nimemaliza, mama. Kazi yenyewe ndogo."

Edvina aliketi kwenye ngazi. Miaka miwili! Kwa kazi ya asubuhi moja!

Mkataba wake uliisha mwezi huo na hawakuuongeza. Hakuna aliyemwambia sababu, naye hakuuliza. Siku ya makabidhiano ya tangi walimwita aje kupiga picha na wageni, kwa kuwa watu walikuwa wakimtaja sana. Alimrudisha mjumbe na jibu fupi: wapige picha na mkandarasi, yeye ana maharage ya kupalilia. Na alipalilia kweli, akichimba kwa nguvu kuliko palizi inavyotaka, huku shangwe za juu kilimani zikimfikia.