Saa ya Kupiga Picha ya Mama Auma

Nilifunga studio yangu mjini Migori Ijumaa moja kwa sababu ya simu. Aliyepiga alikuwa mwalimu aitwaye Beatrice. Alisema mama yake anapoteza macho, na daktari amewaambia wasitarajie kuwa ataona mengi baada ya mwaka huu. Ndugu wote sita walikuwa wanakutana nyumbani kwao, karibu na Sindo, na walitaka picha moja ya familia, ipigwe nje, ziwa likionekana.

"Wewe ndiye unajua mambo ya mwanga, dada," aliniambia. "Tuchagulie saa."

Sikufikiri hata kidogo. Nikasema alfajiri, jua likichomoza tu. Saa hiyo mwanga ni laini, watu hawakunji nyuso, na macho hayaingii kivuli.

Saa nne asubuhi niliondoka na gari langu dogo, kamera na stendi yake kwenye kiti cha nyuma. Nilipita Rongo, nikanywa chai Homa Bay, kisha nikafuata barabara ya Mbita, ziwa likijitokeza na kujificha upande wa kulia. Baada ya Mbita watu walipungua barabarani. Karibu na Sindo nilizima gari nimuulize mtu njia, na nikashtuka kwa kimya kilichokuwapo. Ziwa lilikuwa limelala kama bati jipya. Hakukuwa na upepo.

Nyumbani nilipokelewa na Ochieng, kifungua mimba, mwanamume mkubwa wa sauti ndogo. Mimi ni Mkuria, na Dholuo, lugha yao, najua ya kuombea maji tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Mama yao, Auma, alikuwa ameketi barazani. Alinishika uso kwa mikono yote miwili.

"Karibu, nyar Migori," alisema, yaani binti wa Migori. "Nikushike, maana jioni hii sikuoni."

Jioni nilizunguka boma nikitafuta pa kuwapanga. Kulikuwa na kaburi safi lenye saruji, nikauliza kama ni la baba yao.

"Ni lake, lakini hayumo," Ochieng alisema. "Alizama, hakupatikana. Tulizika tunda la yago, yaani mwegea, badala ya mwili. Ndiyo desturi yetu mtu akipotelea majini." Akatazama ziwa. "Nyar Migori, hiyo alfajiri yako. Mwezi ndio umeandama juzi, na wakati kama huu wale wadudu wa ziwa hutoka alfajiri. Si tungoje jua lipande?"

Nilimwambia jua likipanda picha itaharibika. Akakubali kwa heshima ya mgeni.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliwapanga ufukweni, watu kumi na mmoja, wajukuu wakiwamo, migongo yao kwa ziwa na nyuso kwa jua. Mama nilimweka katikati, kwenye kiti. Mwanga ulikuwa vile nilivyoutaka, rangi ya asali kwenye kila shavu. Nilikuwa nimepiga picha tatu nilipoona moshi umesimama juu ya maji nyuma yao. Nguzo nne, tano, nyeusi, zikijipinda polepole. Zilikuwa zinakuja kwetu.

"Wadudu! Fungeni macho na midomo!" Ochieng alipaza sauti.

Wadudu wale hawaumi. Lakini walikuja kwa mamilioni, wadogo kama punje za vumbi, wakaingia puani na masikioni, na jua likapotea. Nilisikia mvumo mmoja tu, mzito, kama watu wengi wanaimba wamefumba midomo. Mle ndani ya mvumo, sauti ya mwanamume ikaita, bila haraka:

"Auma."

Kidole changu kilibonyeza kitufe cha kamera bila mimi kutaka. Pale hapakuwa na mtu wa kumwita hivyo. Kwa wanawe yeye ni Mama, kwa wajukuu ni Dani, yaani bibi, na majirani humwita Min Ochieng, mama wa Ochieng. Ikaita tena. Safari hii ilitoka mbali kidogo, majini.

Wingu lilipopita, kiti kilikuwa kitupu.

Beatrice alipiga yowe. Mama alikuwa ndani ya ziwa, maji yamemfika kifuani, akiendelea kutembea kama mtu anayeifahamu njia. Ochieng alijitupa na nguo zake, akamfikia, akambeba. Mama hakupigana naye. Alikuwa anamkasirikia tu.

"Mbona mnanishika? Baba yenu ananiita."

"Ni upepo, Mama," Ochieng alisema.

Hakukuwa na upepo.

Nilikaa jikoni nikiona aibu. Mimi ndiye niliyechagua saa ile. Nilipomwendea Mama kumwomba radhi, alikuwa amevikwa nguo kavu.

"Asubuhi macho yangu yana ukungu," aliniambia. "Wewe uliwaona watoto wangu. Mimi sikuwaona. Ngoja jua liwe kichwani."

Basi saa sita mchana, saa mbaya kuliko zote kwa kazi yangu, niliwapanga tena, safari hii mbali na maji. Vivuli vilikaa chini ya macho yao kama masizi, na wote walikunja nyuso. Mama aligeuka, akawatazama mmoja mmoja, akawataja majina hadi wa mwisho, akicheka. Hapo ndipo nikapiga. Sijawahi kupiga picha yenye mwanga mbaya kiasi kile, na ndiyo waliyoitundika.

Tangu safari hiyo, familia ikiniuliza saa nzuri, huwauliza kwanza ni saa ngapi wao wanaonana vizuri.

Alasiri nikirudi, nilisimama Homa Bay nikafungua kamera. Ile picha iliyojipiga ndani ya wingu ilikuwapo. Wote kumi na mmoja wamegeuza vichwa kuelekea majini, upande ule ule. Kumi wamefumba macho. Mama peke yake ameyafungua, na anatabasamu.