Taa ya Lukmani Kilimani

Shemeji yangu Lukmani ni mwoga, na hapa simsengenyi, mwenyewe anajitangaza. Anaogopa bata mzinga, anaogopa sindano, anaogopa radi hata ikipiga Kibondo na yeye yuko Kasulu. Ukimcheka anakujibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, shemeji, kwa shujaa huenda kilio," huku anasogea karibu na mlango. Ana studio ya picha za paspoti nyuma ya soko, ukuta mmoja na duka langu la vitenge, na mke wake ni mdogo wangu wa tumbo moja. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo alianzaje kupenda usiku?

Iliyomponza ni harusi ya Kitahana. Umeme ulikatika bwana harusi akiwa ndiyo anaingia, Lukmani kwa kiwewe akaiacha kamera wazi juu ya stendi, imeelekea migombani. Alipokuja kuangalia, bwana harusi hayumo, ila juu ya migomba imetanda ile njia nyeupe ya nyota, kama unga uliomwagika. Bwana harusi aligomba mpaka akakaukiwa na sauti, Lukmani wala hakumsikia. Tangu siku hiyo akawa mgonjwa wa nyota, na giza akaendelea kuliogopa vilevile.

Ndiyo maana alihitaji watu. Mdogo wangu alisema mume wake haendi vilimani peke yake, na Lukmani akasema haendi kabisa bila mtu mwenye mdomo. Nikachaguliwa mimi. Sokoni walinisema, eti Asmahani mtu mzima anakesha porini. Waseme, midomo ni yao. Kisha akaja Serge, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, fundi redio, aliyeingia studio kutafuta betri akaona picha ukutani, akasahau betri. Wengine wako Kibondo na Kakonko, tunakutana kwenye kundi la WhatsApp. Faudhia wa Kibondo hatujawahi kuonana uso kwa uso, lakini mwanangu Saady alipolazwa, yeye alinipigia simu kila asubuhi, kuwapita hata ndugu zangu wa damu.

Tuna desturi zetu. Kabla ya kupanda kilima chochote, tunakwenda jua likiwa bado lipo kwa mwenyekiti wa kitongoji, tunamsalimu, tunamwachia picha ya kilima chake tuliyopiga safari iliyopita. Naye anawaambia sungusungu wanaolinda usiku kwamba taa watakazoona ni za wale watu wa nyota. Desturi ya pili ni ya Lukmani: kamera ikishafunguliwa inywe mwanga wa usiku kwa dakika nyingi, hakuna tochi, hakuna simu, hakuna neno, hakuna kutoka mahali pako, mpaka yeye aifunge. Anayeruhusiwa kuwasha ni mmoja tu, yule anayelipaka jiwe mwanga wa tochi polepole ili nalo litokee kwenye picha.

Kiangazi hiki tulipanda kilima kimoja upande wa Titye. Serge alikuwa na kibali cha kutoka kambini. Kwa mwenyekiti tulifika, tukasalimu, tukanywa na maji. Lakini tulipofika juu, wingu likaziba upande wetu wote. Serge akazunguka nyuma, akarudi mbio. "Mama Asma, kuya uone! Huku nyota zimeyala!" Kwao kuyala ndiyo kujaa.

"Tuhamie huko tu," akasema Lukmani. "Si kilima kile kile?"

Kilima ni kile kile, ndiyo. Ila nyuma yake ni kijiji kingine, na kule hatukumsalimu mtu. Na mimi, mwenye mdomo, siku hiyo nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, nataka wapige picha tuondoke.

Tukaweka kamera. Serge akateremka peke yake na tochi mpaka kwenye jiwe kubwa, mbali, kule sauti haifiki kwa upepo ule. Lukmani akaifungua. Nikaona tochi ya Serge ikipanda na kushuka juu ya jiwe, taratibu, taa inayotembea peke yake katika kilima ambacho wiki ile ile watu wake walikuwa wameibiwa ng'ombe. Hilo la ng'ombe tulikuja kuambiwa baadaye.

Kisha ikapigwa induru.

Asiyeijua induru ya Waha namwombea asiijue. Ni yowe la mtu mmoja, linadakwa na wa pili, la tatu linatoka hata hujui wapi, na nyumba zote zinafunguka. Kila mwanamume atoke na chake mkononi. Asiyeitikia anahesabiwa mwizi. Taa zikawaka bondeni, nyingi, zikaanza kupanda. Nilitaka kumwita Serge, sauti haikutoka. Mimi, ambaye soko zima linanisikia nikikataa kupunguza bei!

Na Serge hakuzima. Kiha hakijui, induru haijui, alidhani ni watu wa ngoma. Kamera iko wazi, na desturi inasema hakuna kutoka mahali pako. Akaendelea kulipaka jiwe, mtiifu, akiwaonyesha njia ya kumfikia. Nikajua wakimfikia watamuuliza, na akifungua mdomo tu na Kiswahili chake cha Kongo, yamekwisha.

Sisi wawili tulikuwa gizani. Hakuna aliyetuona. Lukmani alinishika mkono, nikasikia anasoma Ayatul Kursi anaikatiza, anaanza upya. Nikawaza, na Mungu anisamehe, tukilala chini hapa tutapona.

Mkono wangu ukaachiwa. Tochi ikawaka, na shemeji yangu akawa anateremka mbio, anapiga induru. Naapa sijawahi kusikia sauti ya mtu imeogopa kiasi kile. Alilia kwa Kiha, "Ni wetu! Huyo ni wetu! Msimpige!" Akajikwaa, akaanguka, akainuka, induru bado mdomoni. Alifika pamoja na wa kwanza wao. Rungu lililokuwa linamshukia Serge likampata yeye begani, naye akamwangukia Serge juu, akamkumbatia na akili hana.

Ndipo wakasita. Mwizi hajipigii induru mwenyewe. Wakammulika usoni, wakamuuliza baba yake nani, ukoo gani, naye akajibu vyote huku analia. Wakatukalisha chini sote watatu mpaka yule mwenyekiti tuliyemsalimu akaletwa, picha ya kilima tuliyomwachia iko mkononi. Serge nilimfunika kwa kitenge changu. Alirudia neno moja, "Ndugu, ndugu, ndugu," na Lukmani akimwambia nyamaza, nyamaza, utaniongezea hofu.

Kamera hakuna aliyeikumbuka. Ilibaki wazi muda wote ule.

Picha yenyewe Lukmani hakutaka kuionyesha. Niliituma mimi kwenye kundi. Nyota zimezunguka juu, jiwe limewaka, na kutoka bondeni taa zote za kijiji zimepanda kama moto wa majani. Upande wa huku kuna mstari mmoja mwembamba wa mwanga, unazikabili zile zote.

Faudhia wa Kibondo akauliza, "Hii taa inayokwenda kinyume na wenzake ni ya nani?"

Lukmani akaandika, "Yangu. Nilikuwa natoroka, nikapotea njia."

Kisha Serge akatuma sauti kutoka kambini. "Kaka Lukmani. Mutu akipoteza njia, haendake mustari ya kunyooka sawa hivi."

Lukmani alitia simu mfukoni. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu na bega lake lililofungwa, anataka nimsindikize nyumbani, maana umeme umekatika na pale uchochoroni kuna mbwa.