Wafalme wa Bunyangwe Kwenye Treni ya Akalla

Nilikwenda Sweden kufuata majina matano. Akina mama wenzangu wa usharika walidhani nimeng'ang'ania nafasi katika ujumbe wa kanisa uliokwenda huko kwa sababu ya kwaya. Kweli niliimba, tena kwa sauti, lakini roho yangu ilikuwa kwingine kabisa.

Baba yangu ndiye mtunza orodha wa Bunyangwe, ufalme wetu mdogo wa kando ya Ziwa, mkoani Kagera. Serikali ilipofuta machifu ufalme ulikwisha, ila makaburi ya wafalme yamebaki, kumi na mawili, kwenye njia moja ya mwendo wa siku nzima. Orodha husemwa ukiwa njiani, kwa mdomo tu, wala majina hayaandikwi. Kwenye kila kaburi mtunzaji hutaja mfalme, mama yake na alichofanya, kisha humwaga maji kidogo ardhini. Akikatizwa, anarudi kaburi la kwanza na kuanza upya.

Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Alisita miaka mingi, mwishowe akaanza kunifundisha mimi, kila msimu tukiongeza mfalme mmoja. Tulikuwa tumefika wa saba alipopata kiharusi kilichomwachia mkono wa kushoto na macho, kikamnyang'anya ulimi. Watano walibaki wamefungiwa ndani yake. Nilimwona akijaribu kuwatoa mpaka jasho likamtiririka, nami nikageuza uso. Mtu mwingine aliyewajua alikuwa mmoja tu, mdogo wake, aliyekwenda Stockholm kusomea ufundi na hakurudi tena. Nilimwandikia barua anitumie majina. Akanijibu kwa maneno manne: hayaandikwi, mwanangu. Njoo mwenyewe.

Basi Januari 1987 nikaondoka. Meli mpaka Mwanza, gari moshi mpaka Dar es Salaam, kisha ndege, ambamo sikupata lepe la usingizi kwa furaha na woga. Kabla ya kutoka nilimshika Baba mkono na kumwambia nitarudi nao wote watano. Alinibana vidole kwa nguvu mpaka vikauma.

Uwanja wa Arlanda tulifika saa nne asubuhi, na jua lilikuwa kama limeghairi kuchomoza. Nilikuwa na masweta matatu na kitenge juu, na bado meno yaligongana. Theluji niliiokota nikaionja, na mchungaji wetu akaniangalia kwa masikitiko. Wenyeji wetu walitupokea vizuri sana, wakatugawa katika nyumba zao, wakatulisha viazi kila mlo.

Jumamosi Baba Mdogo alikuja kunichukua. Nilimtambua kwa mwendo, maana ni ule ule wa Baba, wa mtu aliyechelewa. Nikampa shikamoo yangu, akaiitikia, kisha akasema ni muda mrefu hajasikia shikamoo ya kwao. Yeye ni fundi wa lifti katika maofisi ya mjini na anakaa Akalla, mwisho kabisa wa reli ya chini ya ardhi, ile ambayo wenyewe huiita tunnelbana. Kwake tulikunywa chai. Binti yake alinikumbatia vizuri tu, lakini kila baba yake alipomsemesha Kiswahili alijibu Kiswidi. Nikaelewa kwa nini aliniandikia nije mwenyewe.

Nikamuuliza tutatembea wapi na barafu yote ile. Akacheka. Alinieleza kwamba asubuhi yake ya kwanza kupanda treni kutoka Akalla kwenda mjini alihesabu vituo akakuta ni kumi na viwili. Kumi na viwili barabara! Alicheka peke yake mpaka abiria aliyekaa jirani akahama kiti. Tangu siku hiyo kila kituo kina mfalme wake, na haijapata kupita asubuhi hata moja bila yeye kuwataja wote moyoni.

Saa tano asubuhi tulipanda. Viti vilikuwa vitupu lakini tulisimama, maana orodha haisemwi mtu ameketi. Maji hatukumwaga, wasije wakatushusha. Milango ilipofunguka Akalla akamtaja wa kwanza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini. Husby wa pili. Kista, pale penye maofisi mapya ya mitambo, wa tatu.

Baada ya Kista treni inakwenda juu ya ardhi, kati ya miti. Ghafla nikaona kituo kizima cha zege, kijivu, kitupu, hakina taa wala mtu, nasi tukakipita bila kupunguza mwendo. Mdomo wangu ukanitangulia. Nikauliza kwa nini hatusimami pale.

Baba Mdogo akafumba macho. Nilikuwa nimemkatiza.

Tulishuka Hallonbergen kusubiri treni ya kurudi Akalla, nami nilitamani kujichimbia shimo. Lakini hakukasirika. Alinieleza kwamba kile kituo kilijengwa kikaachwa, hakijawahi kufunguliwa. Kisha akaniuliza Baba hufanya nini njiani kati ya kaburi la tatu na la nne.

Nikafikiri. Hapo kuna mteremko mtupu. Baba husimama na kunywa maji kwenye kibuyu chake. Siku zote nilidhani ni kiu.

"Si kiu," Baba Mdogo akasema. "Ni kuupa mdomo kazi, usije ukaponyoka. Hapo kuna mtu."

Mfalme wa tatu alipokufa mwanawe alikuwa bado ananyonya, akasimulia. Ngoma ya ufalme ikashikwa na dada wa marehemu. Alitawala miaka mingi, akazuia maadui, akagawa mashamba, na barazani alikaa na mtoto mgongoni. Yule mtoto alipokua aliona aibu kuambiwa alikuwa mfalme wa mbelekoni. Akaamuru mwanamume yeyote wa ukoo wetu asilitamke jina la shangazi yake.

"Mwanamume," akarudia, akinitazama. "Kuhusu mwanamke hakusema kitu. Nani angedhani mwanamke ataibeba orodha?"

Treni ya kurudi ikaingia, nikawa wa kwanza kupanda.

Tukaanza upya Akalla, na safari hii niliuma midomo. Husby. Kista. Miti ilipoanza, Baba Mdogo alipulizia pumzi kwenye kioo cha dirisha, akaandika jina kwa kidole juu ya ule ukungu, kama wao walivyoandikiwa vumbini na baba yao. Karatasi ni mwiko, lakini maji hukauka. Kile kituo kitupu kikapita nyuma ya herufi. Nilisoma mara moja, naye akafuta kwa mkono wa koti na kuendelea na wa nne.

Solna, Fridhemsplan, vyote vilipita. Wale watano wakaja mmoja mmoja, na kila mlango ulipofunguka nilipokea. Wa kumi na mbili, aliyeondolewa na serikali, alikuwa Kungsträdgården, mwisho wa reli. Hapo Baba Mdogo akavua kofia akasema nimewapata wote. Nililia hadharani, na Waswidi kwa adabu yao wakatazama matangazo ukutani.

Nyumbani nilifika mwishoni mwa mwezi. Wiki iliyofuata tulimkalisha Baba kwenye baiskeli, binamu yangu akaisukuma, nami nikatembea mbele nikisema. Kwenye kila kaburi Baba alimwaga maji kwa mkono wake wa kushoto.

Baada ya la tatu tukafika mteremkoni. Nikasimama. Baba, kama kawaida, akainua kibuyu kuelekea mdomoni. Nikalitamka jina la yule mwanamke, la mama yake, na yote aliyofanya, kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni.

Kibuyu kikasimama hewani. Baba alinitazama, machozi yakamshuka upande mmoja wa uso, ule unaomtii. Kisha akakiinamisha taratibu akamwaga maji chini, mengi, mpaka yakaanza kutiririka mteremkoni.

Jina sitaliandika hapa. Mwanamke atakayekuja kutembea nami nitamwambia. Watu wakiniuliza nilijifunza nini Sweden, nawajibu kwamba nilijifunza kuhesabu. Watawala wa Bunyangwe ni kumi na watatu.