Kitenzi cha Kuimba

Harufu ya mfupa unaokatwa kwa msumeno buchani, katika mji huu nitakaouhama karibuni, imenirudisha kwenye gwaride la jioni. Shingoni nina diski, kipande cha mfupa wa ng'ombe chenye kamba. Shuleni kwetu alivishwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani badala ya Kiingereza, na jioni alichapwa.

Mimi nilikuwa nikikariri Kihispania tu, kitenzi cha kuimba, nilichofundishwa na Sista wa misheni. Kiranja alinisikia nyuma ya vyoo.

"Mwalimu, huyu ameongea lugha ya kwao Port Victoria! Mimi sisikii hata neno moja, lakini ni hiyo."

Watoto wakacheka. Mwalimu alikuwa akipindapinda kiboko chake. "Haya, rudia ulichosema."

Mkojo ulinibana. Nikaanza: canto, cantas, canta. Kiboko kikatulia. Nikaona kwamba nikiendelea kusema, hakitanyanyuka. Basi nikaimaliza leo, nikaingia jana, cantaba, cantabas. Nikaenda kesho, cantaré, cantarás. Nikapita kwenye mambo ya kutamaniwa tu, cante, cantes, kamba ikinikwaruza shingo. Upepo wa ziwa ulinuka dagaa wa omena. Nikafika kwenye amri, canta, cantad, na zaidi ya hapo Sista hakuwa amenifundisha kitu.

"Umemaliza?"

"Bado, Mwalimu," nikasema, nikaanza upya: canto, cantas, canta.