Mkunga na Mlango Mwekundu

Zamani mkwaruzo wa gari ulikuwa na daktari wake. Nilipaka magari miaka thelathini na minne, nikichanganya rangi kwa jicho, na mwenye gari alisubiri mpaka nimalize. Leo wanang'oa mlango mzima kwa alama nyembamba kama unywele, wanabandika mwingine, halafu wanajiita mafundi. Ndiyo maana nilipomwona jirani yangu mkunga amepiga magoti kando ya gari na ndoo ya maji ya sabuni, nilivuka ua mbio kuliko miguu yangu inavyoruhusu.

Gari lilikuwa la shangazi yake. Shangazi alipokwenda kumuuguza dada yake, alimwachia mkunga ufunguo na maneno machache: "Nikirudi nikalikuta kama nilivyoliacha, ni lako. Nikikuta hata alama ya ukucha, nauza." Na mkunga alilihitaji kweli. Miaka kumi na mmoja alikuwa akienda kuzalisha kwa miguu, mkoba begani. Mara mbili alikuta mtoto keshazaliwa. Mara moja alichelewa kabisa, na habari hiyo hapendi kuisimulia.

Sasa komeo la geti lilikuwa limechora mlango wa dereva mstari mrefu kama mkono. Ilikuwa Jumatano. Shangazi alikuwa anarudi Jumapili.

"Pitisha ukucha," nilimwambia.

Akapitisha. Ukucha ukanasa.

"Basi huo si wa kufuta. Ni wa kujaza."

Alinunua kikopo cha rangi kwa namba iliyoandikwa ndani ya mlango, akawa anaidondosha kwa ncha ya njiti, tabaka jembamba juu ya jingine, akingoja kila moja likauke. Siku hizi nani anangoja rangi ikauke? Jumamosi asubuhi akalainisha kwa msasa mwembamba na maji. Ukucha ukapita bila kunasa.

Lakini mstari ulionekana kutoka barabarani. Jua la miaka ishirini lilikuwa limelipausha gari, na ile rangi mpya ilikuwa nyekundu kama ulimi.

"Hiyo namba ni ya gari lilipokuwa jipya," nikamwambia. "Ungeniachia mimi nichanganye. Kwangua, tutie nyeupe kidogo, ifanane na uzee wake."

Mkunga aliinuka. Alifungua kifuniko cha tangi la mafuta, akachungulia ndani, mahali jua halifiki. Pale palikuwa pekundu vilevile kama mstari. Akachukua kitambaa, akakitia polishi ya gari, akaanza kusugua mlango wote.

Kitambaa kikawa chekundu. Nikapiga kelele.

"Mwanangu, unalimaliza gari la watu."

"Babu, wewe umezoea kupaka. Kufuta niachie mimi. Watoto wote huja wamepakwa vitu. Ukishafuta ndipo unawaona."

Nilikuwa na jibu, tena kali. Lakini chini ya mkono wake, wekundu ulikuwa ukipanda, kwanza mpana kama sahani, kisha kama sinia, mpaka mstari ukazama ndani yake usionekane. Miaka thelathini na minne nilizichakaza rangi mpya zifanane na gari kuukuu. Sikuwahi kuliamsha gari lifanane na rangi. Nikavua koti, nikachukua kitambaa.

"Babu, mgongo wako."

"Mgongo ni wangu. Wewe sugua."

Tulisugua mpaka giza, tukaanza tena alfajiri. Tulikuwa tunamalizia buti shangazi aliposhuka getini na begi lake. Akaliweka begi chini.

"Hili silo gari nililoliacha."

Mkunga akafuta mikono. "Shangazi, nililikwaruza."

"Wapi?"

"Mlango wa dereva."

Shangazi akauinamia mlango. Akapitisha ukucha juu, katikati, chini. Akarudia. Kisha akaenda kufungua kifuniko cha tangi, akatazama ndani, akatazama nje.

"Hii ndiyo nyekundu niliyoinunua," akasema polepole. "Nilidhani ilishakufa."

"Nikuonyeshe mkwaruzo ulipokuwa?"

"Usinionyeshe. Nikishajua, nitauona kila siku." Akamgusa bega. "Ufunguo si unao? Kaa nao."

Mkunga alikuwa bado anacheka na kulia simu ilipoita. Mama wa watu alikuwa ameshikwa na uchungu, ng'ambo ya mji. Akarusha mkoba kitini, akawasha gari.

"Angalia komeo," nikamwambia, nikakimbia kulishikilia geti kwa mikono miwili.